Figo za bibi na figo za mbeba mawe

Na Bhoke Mwita

Kijana wa miaka 25 anayebeba viroba vya magwangala, mawe ya mabaki ya mgodi wa dhahabu, huko Nyamongo, na bibi wa miaka 75 aliyekondeana kijijini nje ya Mugumu, wanaweza kutoka maabara na namba moja: kreatinini 100. Ukiitazama juu juu utasema wako sawa. Ingiza umri na jinsia kwenye hesabu ya kukadiria uwezo wa figo: kijana anapata takriban 90, bibi takriban 50. Na hesabu hiyo haijui bibi amebakiwa na misuli kiasi gani. Huenda hali yake ni mbaya kuliko hapo.

Shida inaanzia kwenye majina, maana yametofautiana silabi moja tu. Kreatini ni akiba ya nguvu ya misuli. Ini na figo huitengeneza, nyingine twaila kwenye nyama na samaki; Mfaransa Chevreul aliipata kwenye mchuzi wa nyama mwaka 1832, akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki la nyama. Kila siku asilimia moja au mbili ya akiba hiyo hugeuka kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwa mkojo. Figo zikichoka, taka hubaki kwenye damu.

Kwa hiyo mwenye misuli minene ana taka nyingi hata akiwa mzima. Na sisi Wakurya na nyama yetu! Moto hugeuza sehemu ya kreatini ya nyama kuwa kreatinini ikiwa bado jikoni. Ukishiba nyama usiku ukatolewa damu asubuhi, namba inaweza kupanda bila figo kuwa na kosa. Nimeona watu wakilia kwa karatasi ya namna hiyo, hakuna aliyewauliza walikula nini.

Wauguzi na madaktari wetu wa Tarime na Serengeti, ulizeni. Mpeni mgonjwa hesabu yote, si namba tupu.

Ninaowahofia zaidi ni wanaochoma zebaki kupata dhahabu. Zebaki hutua kwenye figo, na kreatinini inaweza kuonekana ya kawaida hadi karibu nusu ya uwezo wa figo uwe umekwenda. Protini kwenye mkojo mara nyingi huonekana mapema zaidi, na kipimo chake ni kijikaratasi cha kuchovya tu. Kijana wa Nyamongo akienda kupima damu, aombe na hicho.