Tume Zikija Kuuliza, Nasi Tuwe na la Kusema

Mimi ni katika wale waliofanyiwa majaribio. Mwaka 1984 nilikuwa darasa la saba hapa Kipevu, nikitazamia kumaliza skuli ya msingi kama walivyomaliza ndugu zangu wakubwa. Tukaambiwa bado, nchi imeingia katika mfumo mpya wa 8-4-4. Mwaka 1985 tukawa sisi wa kwanza kukaa darasa la nane. Wazee wetu, wengi wao makuli wa bandarini, wakachangishwa fedha ili kijengwe chumba cha useremala. Chumba kilipokwisha, randa zilikuwa mbili na sisi tulipita hamsini. Miaka ya baadaye masomo hayo ya mikono yakaondolewa katika mtihani, na chumba kikawa ghala.

Leo kifungamimba wangu naye ni wa mbele. Yumo katika kundi la kwanza la mtaala wa umilisi: mwaka 2025 alifanya mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, na Januari 2026 akaingia gredi ya kumi. Kabla ya hapo ilimbidi achague njia moja kati ya tatu: sayansi na ufundi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Siku ya kuchagua alinijia nikitoka kusali alasiri, akaniuliza, "Baba, walipokuja kuuliza watu mambo ya skuli, wewe uliwaambia nini?"

Sikuwa na jawabu, kwa sababu sikwenda.

Tangu uhuru, serikali imeyachungua mambo ya elimu mara nyingi. Tume ya Ominde ilitoa ripoti yake mwaka 1964, kamati ya Gachathi mwaka 1976, na ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 ndiyo iliyozaa 8-4-4. Mwaka 1999 tume ya Koech ilishauri mfumo huo uondolewe, lakini ushauri ukawekwa kabatini. Mwisho, Septemba 2022, likaundwa jopo la Profesa Raphael Munavu, likapita majimboni kusikiliza wananchi, na Agosti 2023 likakabidhi ripoti. Walipofika kwetu, mimi nilikuwa barazani nanywa kahawa, nikisema serikali haitusikilizi. Kilio huanza mfiwa, ndipo mtu wa mbali akaingia. Nasi wafiwa tulikaa kimya.

Basi kwa kuwa sikusema siku ile, niseme leo. Yangu ni matatu.

La kwanza ni wakati wa mtoto. Mtoto wetu ana skuli mbili. Zamani tulitoka skuli, tukala, tukachukua juzuu zetu tukenda chuoni kwa maalim hadi magharibi. Leo mtoto atoka jioni na mzigo wa kazi za nyumbani: akate maboksi, apige picha, achapishe karatasi. Akifika chuoni amesinzia, na maalim amwona mvivu. Asubuhi mwalimu wa skuli naye amwona mvivu. Hakuna aliyekaa na wawili hawa wakapanga saa za mtoto mmoja.

Wala si jambo lisilowezekana. Hapa hapa Mombasa, katika miaka ya themanini, viongozi wa Kiislamu walipeleka kilio chao kwa Aga Khan juu ya watoto wadogo walioingia darasa la kwanza bila ya matayarisho. Mwaka 1986 kazi ikaanza chini ya Bi Swafiya Said: chuo na skuli ya chekechea chini ya paa moja, Kurani pamoja na hesabu, kwa lugha wanayoielewa watoto. Mpango huo ukavuka ukafika Unguja, kisha Uganda. Mwana wa Mombasa aliupata ufunguo huu zamani. Mbona ulibakia kwa watoto wa chekechea tu?

La pili ni lugha. Tangu ripoti ya Gachathi imesemwa kuwa mtoto wa madarasa matatu ya kwanza asomeshwe kwa lugha ya mahali alipo, na mtaala wa sasa wakariri hayo hayo. Lugha ya Kipevu na Changamwe ni Kiswahili. Bara Mjaluo yupo hapa, Mkamba yupo, Mmijikenda yupo, na wote huuziana samaki kwa Kiswahili. Lakini pita madirishani usikilize: kitoto cha miaka sita chafundishwa kujumlisha kwa Kiingereza. Na hapa lawama si ya serikali peke yake. Ni sisi wazazi tunaomsifu mwalimu kwa Kiingereza chake na kumhamisha mtoto akisomeshwa kwa Kiswahili. Haki yetu tuliipewa kwa maandishi, tukaikataa kwa mikono yetu.

La tatu ni bandari. Nikisimama uwanjani kwangu naziona winchi za kituo cha pili cha makasha, kilichofunguliwa mwaka 2016. Baharini lipo gati jipya la mafuta la mwaka 2022. Mali ya nchi nyingi yapita mbele ya macho yetu. Lakini njia ya sayansi na ufundi haifunguliwi kwa kuandikwa karatasini. Yataka maabara, vifaa na mwalimu wa fizikia. Skuli isiyo na hayo itampa mtoto wa kuli njia ile ile ya babake. Chuo cha Bandari kipo karibu nasi, lakini mlango wake hupitwa na aliyetayarishwa. Nayajua haya kwa randa mbili za mwaka 1985.

Wapo watakaonijibu kuwa dini ni jambo la nyumbani, serikali isiingizwe. Sawa. Siombi serikali isomeshe Kurani. Naomba ihesabu saa za mtoto kwa uadilifu. Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema skuli ndiyo iliyotuharibia vijana, heri tushike chuo peke yake. Hao nawakumbusha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932. Alikuwa mwanachuoni, akawa Kadhi Mkuu, na alitukemea kwa kulala huku wenzetu wakisoma. Hakuona elimu mbili zikigombana. Aliona watu waliopoteza moja kwa kuiogopa.

Tume nyingine itakuja, kwani nchi hii haikai muda bila ya tume. Ushauri wangu ni huu: kila mtaa, maimamu, maalim wa vyuo, walimu wa skuli na kina mama wakae sasa, waandike karatasi moja. Iandikwe kwa Kiswahili; Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi, hakuna wa kutukatalia. Siku ya siku tusiende ukumbini kunung'unika, twende kusoma tulichoandika na kuacha nakala yake.

Mwanangu alichagua sayansi na ufundi. Skuli aliyopangiwa, maabara yake bado ni kuta nne. Nimekwisha kumwahidi kuwa safari hii nitakwenda.