Ushuhuda wa Kikristo: Jukwaa lilichoma, ujirani utaponya?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KATIKA mitaa mingi ya Dar es Salaam, si ajabu wakati wa Ramadhani kuona sinia la futari likitoka nyumba ya Mwislamu na kuingia nyumba ya Mkristo. Krismasi inapofika, sinia hilo hurudi na pilau, na mara nyingi mwenye nyumba huwa amemwita jirani Mwislamu amchinjie, ili wote wale bila wasiwasi.

Katika mazingira hayo ndipo linapozuka swali ambalo makanisa hayawezi kulikwepa. Mkristo anayeamini kuwa ametumwa kuieneza Injili, atamshirikishaje imani hiyo jirani wa dini nyingine bila kuuvunja ujirani wenyewe?

Kisheria, njia iko wazi. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kuabudu, na inaitambua kazi ya kueneza dini kuwa huru na ya hiari ya mtu binafsi. Tatizo limekuwa ni namna ya kuutumia uhuru huo.

Katika miaka ya 1980 na 1990, ilishamiri mihadhara ya hadhara ambayo wahubiri wa pande zote mbili walipanda jukwaani na vitabu vitakatifu vya wenzao, kila mmoja akitafuta kosa la mwenzake. Wasikilizaji walishangilia, lakini wengi walirudi nyumbani na kinyongo.

Matunda yake yalikuwa machungu. Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yalivunjwa jijini Dar es Salaam. Februari 1998, madai ya kukashifu dini yalikuwa sehemu ya mgogoro wa Mwembechai, ambako watu waliuawa kwa risasi za polisi. Oktoba 2012, mabishano ya watoto wawili huko Mbagala yaliishia kwa makanisa kuchomwa moto. Februari 2013, mchungaji aliuawa Buseresere, Geita, katika mzozo juu ya nani ana haki ya kuchinja.

Mihadhara pekee haiwezi kubebeshwa lawama zote hizo, kwani siasa na malalamiko ya muda mrefu yalikuwemo. Hata hivyo, ni dhahiri kuwa lugha ya kashfa iliandaa kuni ambazo cheche ndogo ilitosha kuziwasha.

Makanisa duniani yameliona hilo. Juni 2011, baada ya mashauriano ya miaka mitano, Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikani na Ushirika wa Kiinjili wa Dunia zilitoa waraka wa pamoja kuhusu ushuhuda wa Kikristo katika ulimwengu wa dini nyingi. Waraka huo haukuwataka Wakristo wanyamaze. Uliwataka wajenge uhusiano wa heshima na kuaminiana, wasiwashushie hadhi watu wa imani nyingine, na waache kutumia umaskini wa mtu au mahitaji yake kama chambo cha kumbadilisha dini.

Neno hilo chambo ndilo kiini cha mashaka ya Waislamu wengi. Hawajasahau kuwa enzi za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alihofia kuwa mtoto angerudi na elimu pamoja na jina la ubatizo. Serikali ilizitwaa shule hizo kuanzia mwaka 1969, lakini hofu haikutaifishwa pamoja nazo. Ndiyo maana ukarimu wa ghafla wa mhubiri bado huzua swali: anataka nini?

Swali hilo ni la haki. Urafiki unaoanzishwa ili kumwongoa mtu, kisha ukafa pale anapokataa, haukuwa urafiki. Ulikuwa biashara, na mteja akiligundua hilo huona ametapeliwa.

Kwa upande mwingine, kumtaka Mkristo afiche imani yake ili amani idumu ni kumtaka awe rafiki nusu. Mpango wa Uhusiano wa Wakristo na Waislamu Barani Afrika (PROCMURA), ulioanza mwaka 1959 na wenye makao yake Nairobi, umejaribu kushika mambo yote mawili: kuishuhudia Injili kwa uaminifu na kushirikiana na Waislamu kwa ajili ya amani. Katika mtazamo huo, anayeeleza imani yake hana budi kuwa tayari kusikiliza ya mwenzake, hata akijua kuwa maelezo hayo yanaweza kumvuta yeye.

Gharama nayo isisahaulike. Anayebadili dini, awe amebatizwa au amesilimu, anaweza kutengwa na ukoo na kukosa wa kumzika. Rafiki wa kweli hamharakishi mtu kufanya uamuzi mzito namna hiyo, wala hamwachi peke yake baada ya kuufanya.

Kipimo cha ushuhuda wa namna hii, basi, hakimo katika idadi ya waliobatizwa. Kimo katika siku ile jirani atakaposema kwa upole kuwa amesikia, amefikiri, na atabaki katika dini yake. Je, Ramadhani ijayo sinia litavuka tena? Na msiba ukitokea, Mkristo huyo atakuwa miongoni mwa wanaochimba kaburi? Hapo ndipo mtaa utakapojua kama alichokileta kilikuwa upendo au mtego.