Karata za Kujumlisha: Hesabu au Kamari?



Mzazi Mwislamu akiona karata mkononi mwa mwanawe huingiwa na khofu, na khofu hiyo ni ya haki. Kamari imeharimishwa wazi katika Suratul-Maida, aya ya 90. Walakini yafaa tupambanue. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wametofautisha baina ya mchezo utegemeao hesabu na fikra, na ule utegemeao kubahatisha. Huu wa pili ndio walioukataza.

Basi msinunue karata za kopa na shupaza. Kateni boksi kuukuu vipande 36, mwandike tarakimu 1 mpaka 9, kila tarakimu mara nne. Vitandazeni vyote mkekani, tarakimu zionekane. Vikifunikwa, bahati itaingia. Watoto wawili wapokezane zamu. Kila mmoja atafute vipande viwili vitimizavyo kumi, aseme kwa sauti, “Saba na tatu, kumi,” kisha avichukue. Akikosea avirudishe, na zamu impite. Vikisalia vipande visivyotimiza kumi, ni dalili kwamba kuna jozi iliyochukuliwa kwa makosa. Na waitafute pamoja. Mwisho kila mtoto ahesabu makumi yake. Jozi zote ni 18, jumla yake 180. Wasipokosea, kila mmoja atakuwa na 90, wala hapana aliyeshindwa.

Mtoto aliyezijua jozi za kumi haitaji tena vidole. Aulizwapo nane na sita, hutoa mbili katika sita akaijaza nane iwe kumi, zikabaki nne: kumi na nne.

Masharti ni mawili. Pasiwekwe kitu cha kushindaniwa, hata peremende wala gololi moja. Kwani aliyezoea kushindania peremende leo, kesho hataona vibaya kushindania shilingi. Na adhana isikiwapo, vipande vikusanywe.

Wako wasemao kuwa hesabu ni kazi ya skuli, haituhusu sisi wa vyuoni. Na wakumbuke kwamba fungu moja katika arubaini la zaka ya fedha ni hesabu, na mafungu ya mirathi ni hesabu. Asiyejua kujumlisha hana budi kuamini ulimi wa mwingine, na haki ya yatima yaweza kupotea mbele ya macho yake naye asitambue.

Wabillahi tawfiq.