Kope ya Kuonea na Kope ya Kuonwa

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Samahani wahenga, safari hii nawapinga. Macho yana pazia, na pazia lenyewe ni kope. Ugomvi wangu leo ni juu ya pazia hilo: nani ana haki ya kulikata na kulishona, kwa sababu gani, na kwa faida ya nani, yule aliye ndani ya dirisha au yule anayepita barabarani?

Niseme mapema nisije nikaitwa mnafiki. Mimi mwenyewe nimetaka kupasuliwa kope. Ya kushoto imelegea kidogo kuliko ya kulia, ndivyo nilivyozaliwa. Nilipokuwa mtoto hapa Gairo wenzangu waliniita Sinzia. Nilikula chaki za kichwa darasani kwa kudhaniwa nimelala, kumbe nasikiliza. Nilipokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha nikaangukia kwenye kazi ya saluni, kusuka na kubandika kope. Siku moja mteja akanitazama kwenye kioo, akasema kwa huruma: "Mdogo wangu, mbona hilo linarekebishika? Unakatwa kidogo tu, unashonwa, unatoka bomba." Tangu jioni ile nikaanza kutunza fedha kwenye kopo la maziwa.

Hebu tazama, ndugu msomaji, jinsi ugonjwa unavyozaliwa. Asubuhi nilikuwa mzima. Sikuwa na maumivu, nilikuwa naona mpaka namba ya basi likiwa mbali. Jioni nikawa mgonjwa, kwa sababu tu mtu amesema kitu changu kinarekebishika! Neno "kurekebisha" ni neno la hila. Halikuulizi kama kimeharibika.

Biashara hii ina historia yake. Huko Japani daktari aitwaye Mikamo aliandika juu ya kupasua kope ili zipate mkunjo tangu mwaka 1896. Lakini aliyeivumisha zaidi ni daktari wa jeshi la Marekani, David Ralph Millard, aliyekuwa Korea baada ya vita vya 1950 hadi 1953. Mmoja wa watu wake wa kwanza alikuwa mkalimani wa Kikorea aliyetaka macho ya mviringo, kama ya wale wageni aliokuwa akiwatafsiria. Sikiliza hapo vizuri. Macho ya mkalimani yule yalikuwa yanaona sawasawa. Kilichokuwa kinaumwa ni heshima yake mbele ya mwenye bunduki na mshahara. Leo mtaa wa Gangnam kule Seoul umejaa madaktari wa kazi hiyo, na picha zao zinatufikia kwenye simu hata sisi tuliokaa juu ya gunia la maharage hapa stendi.

Na sisi je? Sisi watu wa Kiswahili tumekuwa tukisifu nini miaka yote? Macho malegevu! Macho ya kusinzia! Macho ya kurembua! Ukiondoa macho legevu kwenye taarabu na kwenye barua za mapenzi, nusu ya wino itabaki haina kazi. Yaani ile kope nzito ambayo kule wanalipia ikatwe, huku imewatoa watu roho. Kama uzuri ungekuwa kitu kilichopimwa kwa rula, kisu kingekwenda upande mmoja dunia nzima. Lakini mwenye kupenda chongo huita kengeza, na asiyekupenda ataona kengeza hata usipokuwa nalo.

Basi, nikiwa na kopo langu limefika nusu, nikarudi Gairo likizo. Bibi mzaa mama aliolewa upande wa Pandambili, ng'ambo ya mpaka wetu, katika wilaya ya Kongwa. Nikapanda basi kwenda kumwamkia. Nilimkuta mlangoni ameketi juani, uso kauinamisha, kitambaa cha khanga mkononi anafuta machozi yasiyo ya kilio. Shingoni kaning'iniza kibano kwenye uzi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia: "Njoo, mke mwenzangu, wewe una macho ya ujana. Niondolee hii miba."

Nikamshika kidevu, nikaifunua kope. Nywele za kope zilikuwa zimegeukia ndani, zimelala juu ya jicho lenyewe. Kila akipepesa zinakwangua. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafanya ukungu mweupe. Nikaanza kung'oa, moja moja, naye ametulia kama mtu anayesukwa.

Siku ile nilikuwa nimebandika kope ndefu za saluni, zile za bei. Mjukuu kabandika kope, bibi anang'olewa kope, na nyuso zetu zimeachana shubiri moja. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona mbele ya mwanamume.

Ule ni ugonjwa wa vikope, kitaalamu trakoma. Vijidudu vyake hupita kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa khanga moja inayofuta nyuso za watoto watano, na kwa nzi wanaofuata tongotongo. Mtoto huugua, akapona, akaugua tena, miaka nenda rudi. Kovu hujijenga upande wa ndani wa kope ya juu. Kovu likikaza, kope hujikunja kuelekea ndani kama jani la mgomba lililokauka, na nywele zake husugua kioo cha jicho mpaka kinafifia. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto wenye macho mabovu. Mapenzi ya mama ndiyo njia ya ugonjwa!

Na dawa yake mwisho wa safari ni nini? Ni upasuaji wa kope! Tabibu au muuguzi aliyefunzwa huchoma sindano ya ganzi, hukata kope, huugeuza ukingo wake uelekee nje, kisha hushona. Jicho hufungwa, na siku chache baadaye nyuzi hutolewa. Mara nyingi kambi za upasuaji huu hazitozi kitu. Hauahidi makubwa: jicho lililokwisha ukungu haliwi jipya, na wakati mwingine nywele hurudi ndani ikabidi kupasuliwa tena. Lakini huliokoa lililobaki.

Kongwa si jina geni katika jambo hili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wamefanya utafiti wa vikope huko tangu miaka ya 1980, pamoja na Watanzania. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya vijiji vya Kongwa yaliyoonyesha faida ya kunawisha watoto nyuso. Tangu 1999 Tanzania imekuwa ikigawa vidonge vya kuua vijidudu hivyo. Na uchunguzi wa miaka hiyo hiyo ya 1990 ulionyesha jambo moja la kusikitisha: wanawake wengi walioambiwa wakapasuliwe hawakwenda.

Kwa nini? Muulize bibi yangu. "Nani atachota maji nikiwa nimefungwa macho? Nani atapika? Nani atanipeleka? Na wakinikata kope, usiku nitalala vipi?" Mjomba naye alipoulizwa akasema kwa upole wake wote, "Huo ni uzee tu." Akarudi kwenye mahindi yake. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa mbaya katika ukoo ule. Tulikuwa wajukuu wanne wenye simu na nauli, na jicho moja la bibi likafa huku kila mmoja akidhani mwenzake atakwenda.

Sasa nieleze hasira yangu. Septemba 2018 Spika wa Bunge, marehemu Job Ndugai, aliwapiga marufuku wabunge wanawake kuingia ukumbini na kope na kucha za kubandika, baada ya Bunge kuelezwa madhara ya mambo hayo kiafya. Nchi nzima ikalipuka. Vijiweni tulibishana wiki nzima: ni haki ya mwanamke, si haki, ni maadili, si maadili. Marehemu alikuwa Mbunge wa Kongwa. Ya Kongwa ile ile! Simlaumu yeye. Natulaumu sisi wabishi. Tulikuwa na pumzi ya wiki nzima kwa kope za gundi, na hatukuwa na pumzi ya siku moja kwa kope za nyama zinazopofusha mama zetu, safari fupi ya basi kutoka tulipokuwa tumekaa.

Na mwaka 2023 magazeti yakatangaza kwamba Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, imeanza upasuaji wa urembo. Sina ugomvi na madaktari wale. Kama kisu ni lazima, heri kishikwe hospitali kuliko kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Ugomvi wangu ni na yule anayemfuata binti mzima mpaka kwenye kioo na kumpandikiza kilema.

Najua utanijibu: mwili ni wake, fedha ni yake, wewe inakuhusu nini? Jibu zuri. Mtu mzima aliyefikiri, akaelezwa hatari, akataka, mimi si polisi wake. Aliyeungua uso akataka kope yake ijengwe upya, nitambebea begi. Mzee ambaye ngozi ya kope imemwangukia mpaka inaziba mboni, hasomi wala haoni shimo njiani, huyo apasuliwe, na asiruhusu mtu amwambie ni mapambo. Na wewe ambaye kope imeanguka ghafla, jana haikuwepo hali hiyo, acha kusoma makala hii ukimbilie hospitali, maana huenda ni kiharusi au maradhi ya mishipa.

Lakini kwa waliobaki, wale wenzangu wa kopo la maziwa, nina maswali, na sitaki majibu ya haraka.

Je, jicho lako linapungukiwa na kitu gani leo, au ni mtazamaji ndiye anayepungukiwa? Daktari wa macho amekupima, au amekupima mwenye saluni? Umemwambia kuhusu kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa tezi la shingo, macho makavu, na zile aspirini unazomeza? Unajua kwamba kope ikikatwa kupita kiasi haifungi, na jicho lisilofungwa hukauka, kioo chake kikaanza kudhurika, yaani unalipa fedha yako nzuri ukaelekea pale pale bibi yangu alipofikishwa na umaskini? Unajua kwamba mara chache sana damu huvuja nyuma ya jicho na kuliua kabisa? Atakayekupasua yumo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika? Nyuzi zikifumuka usiku wa manane uko Gairo, utampigia nani? Na swali la mwisho, lililonishinda mimi: kama dunia nzima ingefumba macho kesho asubuhi, asibaki wa kukutazama, bado ungetaka?

Kope ya kuonea ikiharibika, kata. Kata leo, uza kuku, uza redio, kata! Kope ya kuonwa isubiri mpaka umejibu maswali yote, na zile kope za kuonea za nyumbani kwenu zimekwisha kutazamwa.

Kopo langu nililivunja. Lilitosha nauli ya bibi na yangu hadi kwenye kambi, chakula, na posho ya binti wa jirani kuchota maji na kumpikia babu. Jicho la kulia limepona, la kushoto limebaki na ukungu wake, na hilo ni deni letu wanne. Nami nilimwomba daktari wa macho anipime kope yangu. Akaniambia haizibi mboni, naona vizuri, nirudi ikishuka zaidi. Ikishuka nitarudi.

Kazi haijaisha. Oman walithibitishwa kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012, nchi ya kwanza duniani. Malawi, majirani zetu kabisa, wakafuata mwaka 2022. Sisi bado tuna wilaya zinazohangaika nao, na maji ya kunawa mtoto uso tunanunua kwa ndoo. Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujarudi kwenye kioo chako, nenda kwa bibi. Mwamkie, mshike kidevu, mfunue kope uangalie. Ukikuta nywele zimelala juu ya jicho, usitafute kibano. Tafuta nauli.

Mwenye hoja ya kunipinga na aandike, kurasa hizi ni zetu sote. Ila kwanza aniambie mara ya mwisho kumtazama bibi yake machoni ilikuwa lini.