Je, Mtaalamu Apimwe kwa Kutajwa?

Imezuka desturi katika vyuo vikuu vya dunia ya kumpima mtaalamu kwa hesabu. Huulizwa: Ameandika makala ngapi, na wenzake wamezitaja mara ngapi katika makala zao? Akitajwa sana hupewa cheo na fedha. Akitajwa kidogo huambiwa angoje. Sisi wa mwaka wa sita, tunaokaribia kwenda huko, yatupasa kulifikiri jambo hili mapema, kwa maana laweza kuamua tutajifunza nini na tutamtumikia nani.

Simlaumu aliyeanzisha hesabu hiyo. Eugene Garfield, Mmarekani, alitoa shauri lake mwaka 1955, na mwaka 1964 faharasa yake ya makala za sayansi ikazinduliwa. Shabaha ilikuwa njema: msomaji wa makala ya zamani aweze kuwajua waliojenga juu yake. Tena hesabu haina ndugu wala kabila. Haimpendelei mtoto wa mjomba. Mwaka 2005 Jorge Hirsch akaongeza kipimo kingine: mtu mwenye makala 20, kila moja imetajwa mara 20 au zaidi, hupewa 20. Ni rahisi kueleweka. Lakini wepesi wa mizani si ukweli wa mizani.

Mtazameni Dorothy Hodgkin, mwanakemia wa Oxford, Uingereza. Mwaka 1948 alianza kuchunguza fuwele nyekundu za vitamini B12, inayotibu aina ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua watu. Kwa miaka kama minane yeye na wenzake walipiga picha kwa mionzi ya eksirei na kufanya hesabu ndefu, hata wakalijua umbo lake lote. Katikati ya molekuli ile kubwa mna atomu moja tu ya kobalti! Mwaka 1964 akapewa Tuzo ya Nobel. Kazi ya insulini aliianza katika miaka ya 1930, na umbo lake likajulikana mwaka 1969. Ni zaidi ya miaka 30, naye tangu ujana akiugua ugonjwa wa viungo uliopinda vidole vyake. Nauliza: mwalimu anayekaguliwa hesabu yake kila mwaka, angethubutu kushika kazi ya namna hiyo?

Sasa mtazameni Oliver Lowry wa Marekani. Mwaka 1951 yeye na wenzake waliandika njia ya kupima kiasi cha protini. Kufika mwaka 2014 makala hiyo ilikuwa imetajwa zaidi ya mara 300,000, kupita makala nyingine yoyote. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa makala kubwa. Ilikuwa chombo kizuri ambacho kila maabara ilikihitaji. Sufuria nayo hutumika kila nyumba, wala hatusemi kwamba aliyeifua amewapita wataalamu wote.

Watu watanijibu kwamba kizuri chajiuza. Naam, lakini chajiuza penye soko. Jirani zetu wa Kenya waliona ng'ombe wakikonda na kufa katikati ya majani mengi, na ugonjwa huo ukaitwa kwa jina la Nakuru. Sababu yake ni udongo wenye kobalti haba, kwa kuwa vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huhitaji kobalti ili kutengeneza ile vitamini B12. Kobalti kidogo sana hutosha kumponya mnyama. Anayechunguza udongo wa wilaya moja atatajwa na wangapi? Pengine watu kumi. Lakini mfugaji atakama maziwa.

Na sisi je? Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Ni nani atakayepima maji ya mito iliyo karibu na migodi yetu, na damu ya watoto wanaokaa kando yake, ikiwa kila kijana mwenye akili atakimbilia yale yanayotajwa sana Ulaya na Marekani? Hesabu ya kutajwa hutuambia ni wangapi wanaopita njia ile. Haituambii uzito wa mzigo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Hesabu iwepo, itusaidie kutafuta makala, lakini isikae kitini pa hakimu. Anayetaka kumpima mtaalamu aisome kazi yake, kisha aulize: Tumejua nini ambacho hatukukijua? Wengine wamejaribu wakaona ni kweli? Nani amepona, au atapona, kwa kazi hiyo? Nanyi wenzangu, mtakapojaza karatasi za kuchagua masomo mwaka huu, msiulize ni somo gani lenye sifa kubwa. Ulizeni ni kazi gani hapa kwetu isiyo na mtu.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita