Nani Ameichagua Kozi Hii?

Tangu Uviko-19 ilipofunga kumbi za semina mwaka 2020, ofisi nyingi za kisiwa cha Mombasa zimeizoea njia moja ya kuwafunza wafanyakazi. Kampuni hulipia ada ya mwaka kwenye maktaba kubwa ya kozi za mtandaoni, kila mfanyakazi hupewa akaunti na nywila, kisha hufuata baruapepe ya agizo: kabla robo ya mwaka haijaisha, kila mtu awe amemaliza kozi kadhaa na kuwasilisha vyeti. Ni nani aliyezichagua kozi hizo na kwa kigezo gani, baruapepe haisemi. Mara nyingi hakuna aliyechagua. Orodha imetolewa na programu yenyewe, ambayo hupendekeza kile kinachotazamwa sana duniani, na afisa wa rasilimali watu ameinakili kama ilivyo. Mwajiri anayeridhika na hali hiyo ameikwepa kazi yake ya kwanza katika mafunzo, yaani kuamua watu wake wanahitaji kujua nini ili kesho waifanye kazi yao vizuri kuliko leo.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja zao. Wanasema ni nafuu, na kweli ni nafuu: fedha za kumlaza mtu mmoja hotelini kwa semina ya siku tatu hulipia akaunti ya mwaka mzima. Wanasema maktaba ni kubwa, na hilo pia halina ubishi. LinkedIn, iliyoinunua maktaba ya kozi ya Lynda.com mwaka 2015 kwa takriban dola bilioni 1.5, ina zaidi ya kozi 16,000. Wanasema kijana mwenye ari atajitafutia humo anachokitaka. Huenda. Lakini watafiti wawili wa MIT, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walipozichunguza kozi za wazi ambazo chuo chao na Harvard vilizitoa kupitia jukwaa la edX, walikuta kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017-18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya wote. Hata miongoni mwa waliolipia cheti, waliofika mwisho walikuwa asilimia 46. Ofisini watu humaliza kwa wingi zaidi kwa sababu wameamriwa, na ripoti ya vyeti hupima utiifu wao. Kama wamejifunza kitu, ripoti hiyo haiwezi kusema.

Ila gharama na idadi ya wanaomaliza ni mambo madogo. Kubwa ni kwamba kila kozi imetungwa kwa ajili ya mahali fulani, hata pale isipotaja mahali hapo. Ina sheria ya nchi fulani ndani yake, ina vifaa vya nchi hiyo, ina aina ya jengo ambalo mtungaji amelizoea. Mtazamaji wa nchi hiyo haoni lolote la ajabu. Mtazamaji wa Mombasa asiyeonywa hulimeza lote kama lilivyo, na anayepaswa kumwonya ni yule aliyemteulia kozi.

Tuitazame kozi ya usalama kazini, ambayo haikosekani kwenye orodha yoyote. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ni ya mwaka 2007, na maofisini hujulikana kwa herufi zake za Kiingereza, OSHA. Marekani nayo ina OSHA yake: sheria ya mwaka 1970 na taasisi ya serikali yenye herufi hizo hizo. Afisa anayeziandika herufi hizo kwenye maktaba ya mtandaoni huletewa kozi za Marekani chungu nzima. Anaona jina analolijua, anaipitisha kozi, na tangu hapo mpishi wa Kibokoni na mlinzi wa ghala la Shimanzi wanafundishwa mambo ya nchi nyingine. Wanafundishwa umeme wa nyumbani wa volti 120 ilhali waya za ukutani kwao zina volti 240. Wanatajiwa ofisi ya Washington watakayoripotia ajali, na hawatajiwi Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ambayo sheria yao ndiyo inayoitambua.

Somo la mitungi ya kuzimia moto ni la hatari zaidi. Kwa mfumo wa Marekani, herufi B hujumuisha moto wa vimiminika kama petroli pamoja na moto wa gesi, nayo herufi C ni ya moto wenye umeme. Kwa mfumo wa Ulaya, unaofuatwa pia Uingereza, B ni vimiminika peke yake, C ni gesi, na umeme hauna herufi kabisa. Mitungi iliyotundikwa kwenye kuta zetu aghalabu ni ya mtindo wa Uingereza: chombo chekundu chenye mkanda wa rangi, mweusi kwa hewa ya ukaa, buluu kwa unga, malai kwa povu. Sasa mfikirie mfanyakazi wa jikoni aliyemaliza kozi ya Marekani na kupata alama zote. Mpira wa gesi umeshika moto, yeye anaona mtungi wa povu ulioandikwa A na B, anakumbuka alichofunzwa kwamba B huzima gesi, na anaushika. Anapoteza muda ambao angeutumia kufunga valvu ya gesi, hatua ambayo ndiyo ya kwanza, na anamwagia povu moto ambao povu halikutengenezewa. Amekosea kwa sababu alisoma kwa bidii. Dakika kumi za msimamizi wake, amesimama mbele ya mtungi ule ule wa ukuta ule ule na kusoma lebo kwa sauti, zingemfaa kuliko kozi nzima.

Jengo lenyewe nalo lina habari zake. Katika Mji wa Kale, nyumba nyingi za wageni na ofisi ndogo ziko ndani ya kuta za matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ngazi ni nyembamba na zimesimama wima. Nyuma ya Ndia Kuu kuna vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kuingia. Mtaa umetangazwa eneo la hifadhi, kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi akavunja ukuta ili aongeze mlango wa dharura. Kozi ya maktaba humwambia mfanyakazi wa nyumba kama hiyo awaongoze wageni kwenye milango mipana yenye taa za kijani, chini ya mabomba ya maji yanayojifungua yenyewe darini, hadi eneo la kuegesha magari. Hakuna hata kimoja. Anachohitaji kujua ni kichochoro kipi kinatokea uwanja wa mbele ya Fort Jesus na kipi kinaishia kwenye ukuta, nani anakaa na ufunguo wa mlango wa nyuma usiku, na mgeni mzee wa ghorofa ya juu atateremshwaje kwenye ngazi zile. Hakuna maktaba duniani yenye kozi hiyo, na haitakuwapo mpaka mtu wa nyumba hiyo aitunge.

Mambo ni yale yale kwenye kozi za makaratasi, isipokuwa hasara yake huja polepole. Kozi maarufu za ulinzi wa taarifa binafsi zinafundisha kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ina kamishna wake, na ina adhabu zake: faini isiyozidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Ulaya hutaja euro milioni 20 au asilimia 4, kiasi kilicho kikubwa. Karani wa hoteli anayenakili vitambulisho vya wageni atamaliza kozi akiijua vizuri Brussels na asijue ofisi ya Nairobi ambayo mgeni wake anaweza kuilalamikia. Karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini naye atasomeshwa forodha ya Marekani, wakati kila hati anayoigusa inatawaliwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004.

Kuna kozi zisizo na shida hii, na haki itendeke. Jedwali la Excel ni lile lile Mombasa na Manila. Anayetaka kujifunza fomula ajifunzie humo, tena kwa raha. Wala kusomea kwenye kompyuta si kasoro yenyewe. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na Wizara ya Afya, ilianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada kwa masomo ya kompyuta, ukiwalenga zaidi ya wauguzi 20,000 ambao hawangeweza kuacha wodi zao wakarudi chuoni. Mtaala ulikuwa wa baraza linalowasajili wauguzi, na mafunzo ya vitendo hospitalini yalibaki palepale. Mawakala wa forodha nao wana cheti chao cha Afrika Mashariki, ambacho mtaala wake uliandaliwa na shirikisho la vyama vyao, FEAFFA, kwa kushirikiana na mamlaka za mapato za nchi wanachama. Katika mifano yote miwili, watu wanaojua kosa la kazini linagharimu nini walikaa kwanza wakaamua nini kifundishwe, kisha wakatafuta chombo cha kukifikisha. Ofisi zetu zimenunua chombo na kuiacha hatua iliyotangulia.

Husemwa kwamba kampuni ndogo haina mtu wa kufanya kazi hiyo ya kuteua. Inaye. Msimamizi wa zamu anajua ni hati zipi zilizorudishwa na forodha mwezi uliopita. Mpishi mkuu anajua nani ameungua na kwa nini. Kitabu cha malalamiko ya wateja kipo mapokezi. Wakae watu hao kwa asubuhi moja na makosa ya mwaka uliopita mezani, na wataondoka na mahitaji machache ya kweli. Baadhi yake maktaba itayajibu. Yaliyobaki yatajibiwa na fundi wa humo humo akirekodiwa kwa simu, kwa Kiswahili, lugha ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba kimeipa hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi na ambayo kozi zake kwenye maktaba hizi ni haba mno. Anayesema hana mtu huwa amemaanisha hataki kumpa mtu huyo asubuhi moja ya kazi.

Na hapo ndipo uvumilivu unapoisha, kwa sababu muda ambao mwajiri hakutaka kuutoa hudaiwa kutoka kwa mfanyakazi. Kozi husomwa usiku, baada ya zamu, kwenye simu yake, kwa bando alilonunua kwa pesa zake. Kisha cheti huingia kwenye faili, na siku mambo yakiharibika faili hufunguliwa. Barua ya kujieleza huandikwa: ulipewa mafunzo, ulipata asilimia 90, mbona umekosea? Kifungu cha 6 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri atoe habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili kila mfanyakazi awe salama. Wajibu huo ni wa mwajiri. Kuubadilisha kuwa ushahidi dhidi ya mfanyakazi, kwa cheti cha kozi ambayo hakuna mkubwa yeyote aliyeitazama, ni dhuluma, na ukimya wa vyama vya wafanyakazi juu ya jambo hili haueleweki. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinampa mfanyakazi haki ya kusikizwa kabla ya kuachishwa kazi, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Mwakilishi huyo na aulize waziwazi katika kikao: nani aliichagua kozi hii, na aliitazama lini?

Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, inaweza kulazimisha jibu. Hutoza waajiri shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na aliyelipa anaweza kudai arejeshewe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ina kituo chake hapa Mombasa. Na iweke sharti moja kwa madai ya kozi za mtandaoni: kila kozi iambatane na karatasi iliyotiwa saini na msimamizi wa kazi husika, ikitaja kosa au hitaji lililosababisha ichaguliwe, tarehe aliyoitazama mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na sehemu zisizolingana na sheria au vifaa vya Kenya ambazo amewaeleza watu wake wazipuuze. Dai lisilo na karatasi hiyo lirudishwe bila malipo.