Sauti ya ordinateri ilipotea, lawama ikamwangukia mtoto mkimbizi

Katika nyumba moja ya mbao mtaani Ndosho, mjini Goma, ordinateri ilikaa siku 11 bila kutoa sauti. Picha zilionekana na maandishi yalisomeka, lakini ukiweka wimbo wa kwaya, kimya. Jioni, kijana wa mwenye nyumba anayeishi Gent, nchini Ubelgiji, alipopiga simu ya video, mdomo wake ulicheza kwenye kioo na hakuna aliyesikia anachosema. Ndani ya siku hizo 11 kila mtu nyumbani alikuwa amekwisha kujua nani ameiharibu: binti wa miaka 14, mtoto wa mdogo wake mama mwenye nyumba, aliyekimbia vita Masisi pamoja na mama yake. Ushahidi ulikuwa mmoja tu, kwamba yeye ndiye aliyeigusa mwisho.

Ordinateri haikuwa imeharibika. Hilo lisemwe mapema, maana mambo yaliyotokea katika nyumba hiyo yanatokea katika nyumba nyingi za Goma zilizopokea ndugu. Redio ikikatika, ni mtoto wa mkimbizi. Sukari ikipungua, ni mtoto wa mkimbizi. Familia inayopokea wageni inabeba mzigo mzito kweli, inagawa chakula na maji na mahali pa kulala, na hakuna anayeipa shukrani ya kutosha. Lakini mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba yao hapaswi kuwa jibu la kwanza kila kitu kinapokwama.

Ordinateri yenyewe ilitoka Ubelgiji mikononi mwa msafiri. Ilikuwa ya ofisi fulani, ikabadilishwa kwa mpya, na kijana akaiomba ili aitume nyumbani. Alifanya vizuri. Mama anasikilizia nyimbo na mahubiri humo, watoto wanafuata masomo yaliyowekwa kwenye flashi, na majirani hukaa mlangoni jioni kusikia habari zilizorekodiwa kwenye redio. Tatizo ni kwamba kila neno lililoandikwa ndani yake ni Kiholanzi, lugha ya watu wa Gent. Vitufe havikumsumbua mtu, kwa kuwa Wabelgiji wanatumia mpangilio wa AZERTY unaofanana sana na ule ambao watoto wa Congo wanajifunza shuleni. Lakini pale mwanafunzi wa Goma anapotafuta neno la Kifaransa analolijua, kioo kinamwambia Instellingen. Anapotafuta sauti, kinamwambia Geluid. Mtu asiyejua lugha hiyo anabonyeza kwa kukisia, na kukisia ndiko kulikoleta mambo.

Binti alikuwa akisikiliza somo kwa spika za masikioni, usiku, ili asiwaamshe wenzake. Alipozichomoa, sauti haikurudi kwenye spika za ordinateri. Akaogopa. Akabonyeza kialama cha spika, akabonyeza tena, akafunga mashini, akalala. Asubuhi, mama mkubwa alitaka kusikiliza ibada, ikawa kimya.

"Mama mkubwa, mimi sikuivunja, nilitoa tu spika za masikioni," binti alisema. Hakuna aliyemsikiliza.

Ordinateri ikapelekwa kwa fundi mmoja kando ya barabara. Fundi aliifungua, akazunguka kidogo ndani ya yale maneno ya Kiholanzi, kisha akachukua bisibisi. Akasema kadi ya sauti imekufa, na kuiweka nyingine kutagharimu dola 35. Hapa inafaa kumtendea haki: mafundi wengi wa Goma ni vijana wenye akili waliojifunza kazi bila shule ya maana, na wamefufua mashini ambazo huko zilikotoka zingetupwa. Huenda naye hakuwa mwizi. Alikuwa mbele ya lugha asiyoisoma, na badala ya kusema hivyo akataja kifo cha kifaa. Lakini dola 35 ni pesa nyingi kuomba kwa kukisia. Fundi anayesema kifaa kimekufa aonyeshe jinsi alivyokipima, mbele ya mwenye mali. Asipoweza kuonyesha, mwenye mali achukue mashini yake aende.

Mama wa binti aliposikia bei, alifungua fungu alilokimbia nalo. Ndani mlikuwa na vitenge viwili vipya, vile alivyoviokoa tangu Masisi. "Yaya, usimpigie mtoto kelele, mimi nitalipa," alimwambia dada yake, na kesho yake vitenge hivyo vikawa tayari kwenda sokoni. Vitenge viwili havifiki dola 35. Nyingine angezitafuta kwa kufua nguo za watu.

Havikuuzwa, kwa sababu ya jirani mmoja, mwanafunzi, aliyekuja kuchaji simu yake. Naye hajui Kiholanzi. Aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza, hata fundi: je, ukivaa spika za masikioni unasikia kitu? Binti akazileta, zikachomekwa, na kwaya ikaimba masikioni mwa mama mkubwa wazi kabisa. "Mama, kama kadi ya sauti ingekuwa imekufa, hata humu masikioni usingesikia kitu," kijana alisema. Hesabu ya dola 35 ikaishia hapo.

Kilichokuwa kimetokea ni hivi. Ndani ya tundu la spika za masikioni kuna kichuma kidogo kinachoiambia ordinateri kama kuna waya umechomekwa. Vumbi likiingia, au kichuma kikikwama, mashini inaendelea kuamini kwamba spika za masikioni zimo, nayo inapeleka sauti huko, kwenye tundu tupu. Na Goma, mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, si mji wa kukosa vumbi. Kijana alizima mashini, akapuliza tundu, akachomeka waya na kuuchomoa mara nyingi mpaka kile kichuma kikalegea. Hakutia maji wala sindano, na ndivyo inavyopaswa.

Akaiwasha. Bado kimya! Hapo wengine wangesema, si tulisema imekufa? Lakini safari hii kioo kilionyesha alama ya spika yenye kialama cha x pembeni. Ordinateri nyingi hukumbuka kipimo cha sauti cha kila njia peke yake, cha masikioni mbali na cha spika. Binti, usiku ule wa hofu, alikuwa amebonyeza kitu kilichoandikwa Dempen, akidhani anafungua sauti. Maana yake ni nyamazisha. Kijana wa Gent alipoulizwa baadaye, alicheka na kueleza kwamba neno hilohilo Waholanzi hulitumia pia kwa kufukia mfereji. Mtoto wa Masisi angejuaje? Walibonyeza tena palepale, x ikaondoka, na nyumba nzima ikasikia.

Kuna jambo la kujifunza katika namna kijana huyo alivyofanya kazi, na lina faida kwa mashini ya Kiholanzi, ya Kijerumani au ya Kinorwe, maana ndugu wako kila mahali. Hakusoma maneno, alisoma alama na mahali. Spika iko pembeni chini, upande wa kulia, karibu katika kila lugha ya Windows. Ukiibonyeza, kuna sehemu ya kuchagua sauti ipite njia gani, na ikiwa imechaguliwa televisheni au kifaa kingine, spika zitanyamaza hata kama ni nzima. Kwenye mashini nyingi zinazobebeka, mstari wa juu wa vitufe una kitufe chenye picha ya spika iliyokatwa. Kidole kikipita hapo kwa bahati mbaya, mara nyingine pamoja na kitufe cha Fn, sauti imezimwa.

Kuna pia majina ambayo hayatafsiriwi popote. Shika kitufe chenye dirisha dogo pamoja na R, kisahani kidogo kitafunguka, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Dirisha la sauti litatokea, liwe la Kiholanzi au la Kichina, na njia inayotumika kwanza itakuwa na alama ya kijani ya tiki. Kwenye AZERTY nukta hupatikana kwa kushika Shift, na wengi hukwama hapo tu. Ukiandika devmgmt.msc utaona orodha ya vifaa vyote. Kifaa cha sauti chenye kishale kinachotazama chini kimezimwa, na chenye pembetatu ya manjano kinakosa programu yake au ina kasoro. Hapo ndipo fundi anahitajika. Kabla ya hapo ni subira tu. Na kwa mwenye simu yenye kamera, programu ya kutafsiri ya Google inasoma maneno ya Kiholanzi kwenye kioo na kuyaweka katika Kifaransa. Ukiwa umepakua lugha hizo mbili mapema, hauhitaji hata mega.

Lakini yote hayo ni kazi ya kuzima moto. Sehemu kubwa ya lawama iko Gent, tena kwa mtu mwema. Kubadilisha lugha ya Windows kunaombwa ndani ya mipangilio, kwenye alama ya saa na herufi, na mara nyingi kunahitaji kupakua kifurushi cha lugha kwenye intaneti. Ubelgiji kazi hiyo inafanywa mtu anakunywa chai. Goma inakula mega za wiki nzima, umeme unaweza kukatika katikati, na anayeifanya lazima apite kwanza katika lugha asiyoijua ili afike kwenye lugha anayoijua. Kuna hata matoleo ya Windows yaliyofungwa kwa lugha moja, na mtu aliyeko Ulaya ndiye anayeweza kulijua hilo kabla mzigo haujapanda ndege.

Wapo wanaosema anayepewa zawadi haipimi, na kwamba watoto watajifunza lugha mpya. Ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kutafuta sauti ndani ya Kiholanzi huku watu watano wakimtazama kama mhalifu. Zawadi isiyosomeka inaleta gharama, na gharama hiyo inamfikia aliye chini kabisa nyumbani. Wapo pia watakaosema wakimbizi wana shida kubwa kuliko sauti ya ordinateri. Ni kweli, wana njaa na hawajui watarudi lini. Ndiyo maana haifai mama auze vitenge vyake vya mwisho kwa ajili ya alama ndogo ya x.

Lugha gani iwekwe? Kwa wanafunzi, Kifaransa, maana ndicho wanachojifunzia ordinateri, na mwalimu au fundi yeyote mjini ataisoma. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, na baadhi ya matoleo ya Windows yana maneno ya Kiswahili pia, ingawa ni Kiswahili cha Nairobi na Dar es Salaam, na mama wa Ndosho atakutana na maneno yanayomtaka afikiri kidogo. Hata hivyo atafikiri katika lugha yake.

Kijana wa Gent alisikia habari yote siku iliyofuata, sasa kwa sauti. Jumapili alikaa kwenye simu akimwongoza binti hatua kwa hatua, yeye akisoma Kiholanzi, binti akibonyeza, na mega akazilipa yeye. Ilichukua zaidi ya saa mbili na umeme ulikatika mara moja. Sasa kioo kinasema Paramètres.

Mama mkubwa hakuomba msamaha kwa maneno. Alimpa binti ruhusa ya kutumia ordinateri wa kwanza kila jioni, na akamwambia mdogo wake afunge vitenge vyake. Ni kitu, lakini hakitoshi. Lawama ilitolewa mbele ya majirani, mlangoni, na mtoto aliisikia siku 11. Palepale mlangoni, mbele ya watu walewale wanaokuja kusikiliza habari, ndipo angepaswa kuambiwa kwamba hakuvunja kitu. Mpaka juzi hilo lilikuwa halijafanyika.

Binti mwenyewe amekata kipande cha skochi na kufunika tundu la spika za masikioni. Akitaka kusoma usiku anakibandua, akimaliza anakirudisha.